Nawahutubia Kutoka Sakafuni

Mama Mwenyekiti, viongozi wa vikundi vya wanawake, dada zangu wote, na kaka zetu wachache mliojitokeza, hamjambo.

Nianze na jambo ambalo nyote mmeliona mkanyamaza kwa adabu. Wazungumzaji walionitangulia wamepanda jukwaani. Mimi nimeletewa kipaza sauti huku chini, kwa sababu jukwaa lina ngazi tatu na kiti mwendo changu bado hakijajifunza kupanda ngazi. Vijana wawili wenye moyo mzuri walinijia wakitaka kuninyanyua mzimamzima, mimi na kiti changu. Niliwashukuru, nikakataa. Mara ya mwisho nilipokubali kubebwa hivyo, aliyeshika nyuma aliteleza, nikatua kwa ubavu, na hotuba niliyokesha nikiiandaa ikasomwa na mtu mwingine.

Basi nawahutubia kutoka sakafuni. Mlioketi nyuma hamnioni, mnanisikia tu. Wenzetu viziwi wao hawanisikii ila kwa mikono ya dada mkalimani, ambaye yuko juu pale, mahali nilipopaswa kuwa mimi. Huyo dada tutamrudia.

Nilipokuwa nikisubiri zamu yangu nilipiga hesabu. Ngazi moja ni kama sentimita 15. Zikiwa tatu ni 45. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani kwa njia ya mteremko ni 1 kwa 12, maana yake kila sentimita unayopanda inadai sentimita 12 za kwenda mbele. Zidisha mwenyewe: mita 5 na sentimita 40. Ule ubao ulioegeshwa ukutani pale, ambao fundi ameuleta asubuhi kwa nia njema kabisa, hauzidi mita 2. Kwa jukwaa hili, huo ni mlima. Nikiupanda nitarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

Siwalaumu waandaaji, maana hakuna hata mmoja aliyenuia nisipande. Jukwaa lilipokuwa likipangwa, mtu ambaye ngazi zinamhusu hakuwamo tu kwenye chumba cha kupangia. Wahenga walimaliza kazi zamani: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mimi ni mwanachama wa vikundi viwili. Kimoja cha wanawake, kimoja cha watu wenye ulemavu, na vyote navipenda. Kwenye kile cha wanawake, nikisimamisha hoja ya choo ambacho kiti changu hakiingii, naambiwa kwa upole, "Dada, hilo lipeleke kwa wenzio." Kwenye kile cha wenye ulemavu, nikigusia ukatili wa majumbani, mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu sana, huangalia saa na kusema, "Hayo ni ya akina mama, sisi tujikite kwenye vifaa saidizi." Nimebeba hoja zangu kutoka kikao kimoja hadi kingine miaka mingi kama barua iliyoandikwa anwani mbili, kila posta inasema siyo ya kwake.

Msidhani haya ni ya vikundi vidogo peke yake. Mwaka 1979 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake. Usome wote, ibara 30. Neno ulemavu halimo. Ilibidi kusubiri hadi 1991 ndipo kamati inayousimamia ikatoa pendekezo, lile la namba 18, la kuzitaka nchi zieleze hali ya wanawake wenye ulemavu katika ripoti zao. Upande wa pili, mkataba wa haki za watu wenye ulemavu ulipokuwa ukijadiliwa miaka ya 2000, lilizuka swali kama wanawake wanastahili ibara yao wenyewe. Jamhuri ya Korea ikapendekeza iwepo. Wengine wakasema haina haja, watajwe hapa na pale inatosha. Wanawake wenye ulemavu wakang'ang'ana. Mkataba ulipopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, ibara ya 6 ilikuwa yao, na inakiri waziwazi kwamba wanawake na wasichana wenye ulemavu hubaguliwa kwa njia zaidi ya moja kwa mpigo.

Tukashangilia. Kisha sikilizeni kilichofuata, maana lazima tujisute na sisi wenyewe. Kamati inayosimamia mkataba huo ina wajumbe 18. Baada ya uchaguzi wa 2016, kamati iliyoanza kazi 2017 ilikuwa na mwanamke mmoja. Mmoja! Theresia Degener, mwanasheria wa Ujerumani, kati ya wanaume 17. Wanawake wakapiga kelele, na uchaguzi wa 2018 ukarekebisha mambo kiasi. Lakini kwa miaka miwili kamati iliyopaswa kuuliza mataifa "wanawake wenu wako wapi?" ilikuwa ikiulizwa swali hilohilo.

Sasa tuulizane sisi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu 1 kati ya 6 duniani ana ulemavu wa kiwango kikubwa, jumla yao watu kama bilioni 1.3. Ripoti ya dunia kuhusu ulemavu ya mwaka 2011, iliyotumia takwimu za nchi 59, ilikuta asilimia 19.2 kwa wanawake wazima, na 12 kwa wanaume. Tofauti hiyo ina sababu zake. Wanawake huishi miaka mingi zaidi, na uzee huja na vyake. Wapo walioumia wakati wa kujifungua. Wapo walioachwa bila matibabu mpaka jicho lililokuwa linatibika likazima.

Chukua hiyo 19. Ukumbi huu una wanawake wangapi? Mimi tangu asubuhi nimehesabu viti mwendo viwili, changu kikiwemo, fimbo nyeupe moja, na meza ya viziwi. Wengine wako wapi? Baadhi wako majumbani, hilo nalijua. Ila wengine mko hapahapa, na hakuna aliyewauliza vizuri.

Nieleze nina maana gani. Kwenye kikundi chetu tuliwahi kuandikisha wanachama upya, na fomu ikauliza, "Je, wewe ni mlemavu?" Ikapita kikao kizima, tukanyoosha mkono mimi na mama mmoja anayetembelea magongo. Hakuna mwingine. Kikao kilichofuata nikaomba tubadilishe swali, tutumie yale maswali sita mafupi ambayo wataalamu wa takwimu duniani wameyaandaa na ambayo siku hizi hutumika hata kwenye sensa. Hayaulizi wewe ni nani. Yanauliza: unapata shida kuona, hata ukivaa miwani? Kusikia? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka mambo au kutuliza mawazo? Kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Kuelewana na watu unapozungumza? Na majibu ni manne: "hapana"; "ndiyo, kidogo"; "ndiyo, sana"; "siwezi kabisa".

Mweka hazina wetu, mwanamke shupavu mwenye ulimi mkali, alifika swali la kusikia akanyamaza. Kisha akasema, "Sana." Kumbe miaka yote tuliyodhani ana dharau kwa kutoitikia salamu, alikuwa hasikii sikio la kushoto, na la kulia linafifia. Tukamhamishia kiti upande ule mwingine wa meza. Haikugharimu chochote. Sasa salamu zake ndizo ndefu kuliko za wote.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Nzito ninayo pia, na nimepewa idhini ya kuieleza bila jina.

Nilimsindikiza binti mmoja kiziwi kwenda kutoa taarifa ya ukatili aliofanyiwa nyumbani. Ofisi siitaji, na haina umuhimu, maana nimesikia kisa hikihiki kutoka kwa watu wa mbali mno wasiojuana. Hapakuwa na mkalimani. Afisa akatazama huku na huku, akamwona kaka yake binti amesimama mlangoni, akafurahi: "Wewe si unamwelewa? Njoo utafsiri." Binti akaanza. Mimi najua alama chache tu, za kuombea kuelewana. Niliona "usiku". Niliona "mlango". Niliona alama ya "tena", akaipiga, akaipiga, akaipiga. Mikono yake ilikwenda kama dakika kumi, na machozi yakawa yanadondokea kwenye vidole hivyohivyo anavyosemea. Afisa akamgeukia kaka. Kaka akajikohoza, akasema: "Anasema ni ugomvi wa kawaida, ameshasamehe."

Dakika kumi za mikono, sentensi moja ya mdomo. Na aliyekuwa akishtakiwa na mikono ile alikuwa rafiki wa huyo kaka, analala nao nyumba moja.

Ibara ya 13 ya ule mkataba wa 2006 inadai watu wenye ulemavu wafikie haki sawa na wengine, na taratibu zirekebishwe ili washiriki kama mashahidi hata tangu hatua ya upelelezi. Ni maneno mazuri sana. Siku ile yalihitaji kitu kimoja ili yawe kweli: namba ya simu ya mkalimani asiye ndugu, na fungu la kumlipa. Nilipiga simu nne. Aliyepatikana alikuja kesho yake, na nauli yake tulichanga mimi na mama wa magongo. Maelezo yakaandikwa upya, kurasa tatu.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema utetezi wa wanawake wenye ulemavu ni kupaza sauti, naona amesema nusu. Sauti tunazo. Hata mikono tunayo. Kinachokosekana ni yule anayefikisha, na aliyetengewa fungu la kufikishia.

Niwasimulie kidogo habari ya wenzetu, kwa sababu tunahitaji kujua kwamba jambo hili lina bibi zake. Judith Heumann alizaliwa Marekani mwaka 1947, akapata polio akiwa mtoto mdogo. Mama yake alipompeleka shule ya karibu, mkuu wa shule akamkatalia: kiti mwendo ni hatari moto ukitokea. Fikirini, mtoto wa miaka mitano anaitwa hatari ya moto. Akasoma kwa kupenya penya, akahitimu, akaomba leseni ya ualimu New York. Mwaka 1970 wakamnyima, kwa kisingizio kilekile: moto ukitokea utajiokoaje, na watoto utawatoaje? Akaenda mahakamani. Kesi ikaangukia kwa jaji mwanamke, Constance Baker Motley, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho nchini humo, naye akaonyesha wazi kwamba bodi ya elimu ingefanya vyema kufikiria upya. Leseni ikatoka.

Lakini kisa ninachokitaka ni cha 1977. Tangu 1973 kulikuwa na sheria, kifungu namba 504, iliyokataza kuwabagua watu wenye ulemavu katika shughuli zinazopokea fedha za serikali kuu. Sheria ilikuwepo, kanuni za kuitekeleza hazikuwepo. Zilikaa mezani miaka minne zikisubiri saini. Mnalijua hilo? Naona mnacheka, mnalijua. Basi mwezi wa Aprili, Heumann, mwenzake Kitty Cone na wengine zaidi ya 100 wakaingia kwenye jengo la serikali San Francisco wakakataa kutoka. Wengine walihitaji msaada wa kugeuzwa usiku ili wasipate vidonda, wengine walikuwa wameacha dawa zao nyumbani. Laini za simu zikakatwa. Ndipo viziwi waliokuwa ndani wakasimama madirishani, wakawapa habari wenzao wa nje kwa lugha ya alama, na polisi wakabaki wanatazama. Chakula cha moto kililetwa kila siku na Black Panther, chama cha wapigania haki wa Wamarekani Weusi, ambao kwa hesabu za juujuu ulemavu haukuwa ajenda yao. Wakakaa zaidi ya wiki tatu. Tarehe 28 Aprili kanuni zikasainiwa.

Watu wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya ushujaa wa waliokuwa ndani. Mimi kila nikikikumbuka huwafikiria waliobeba masufuria. Hawakuuliza, "Hilo si la wenzenu?"

Dada zangu, naja kwenu sasa, na mtaniwia radhi kama nitagusa penye kidonda. Neno "kuwawezesha" tumelizoea mpaka limechakaa. Mimi nimewezeshwa mara tatu. Mara ya kwanza nilipewa kiti mwendo mbele ya kamera, na kilikuwa kikubwa kwangu kama kabati. Kiti mwendo ni kama kiatu, kina saizi. Ukikalia kisicho chako, mgongo unapinda, na ngozi inapata vidonda ambavyo hatima yake inaweza kuwa kifo. Mara ya pili nilipewa semina ya ujasiriamali ghorofa ya pili, jengo lisilo na lifti. Ya tatu sitaisema, aliyeniwezesha yumo humu ndani na ameshaniomba radhi.

Uwezo tunaoutaka una sura nyingine. Rafiki yangu asiyeona ana akiba yake aliyoiweka mwenyewe. Alipokwenda kuichukua, mhudumu wa dirishani alimwambia alete ndugu wa kiume asaini kwa niaba yake. Ibara ya 12 ya ule mkataba wa 2006 inasema mwenye ulemavu ana haki ya kumiliki na kurithi mali na kusimamia fedha zake mwenyewe, na msaada akiuhitaji, upewe yeye aamue, asiamuliwe. Rafiki yangu aliitaja ibara hiyo pale dirishani kwa ghibu. Mhudumu akamwita meneja. Meneja akasema utaratibu ni utaratibu. Siku hiyo aliondoka mikono mitupu. Wiki iliyofuata kikundi kizima cha akina mama, wanaoona na wasioona, kilipanga foleni kwenye dirisha hilohilo, kila mmoja akaomba aonyeshwe utaratibu huo ulipoandikwa. Haukuandikwa popote. Fedha zake zikatoka, kwa dole gumba lake na saini ya shahidi aliyemchagua yeye.

Hilo la foleni, ndilo ninalolitafuta kwenu. Halikuhitaji mfadhili.

Na tusiwasahau walezi. Mtoto akizaliwa na ulemavu, mara nyingi sana kazi yote humwangukia mama, na baadhi ya akina baba huondoka wakimwachia na lawama juu. Yule mama haji kwenye mikutano yetu. Tunamwandika "hashiriki". Anashiriki nini, na nani amshikie mtoto wa miaka 14 anayelishwa kwa kijiko? Kikundi kikiweka zamu ya watu wawili wa kukaa na mtoto siku ya kikao, mtamwona. Nawaambia kwa uzoefu, siku ya kwanza atakuja na kulala usingizi kwenye kiti. Mwacheni alale.

Mama Mwenyekiti, nina maombi yangu, na nayasema hapa ili yaingie kwenye muhtasari. Kamati ya maandalizi ya mkutano ujao iwe na wanawake wenye ulemavu wasiopungua wawili, tangu kikao cha kwanza cha kuchagua ukumbi, maana ukumbi ukishalipiwa kinachobaki ni kuombana radhi. Bajeti iwe na mstari wake wa mkalimani, wa makabrasha ya nukta nundu na maandishi makubwa, na wa nauli ya msindikizaji. Mstari huo uandikwe mwanzo na usiwe wa kwanza kukatwa fedha zikipungua. Na kikundi chochote kitakachopeleka madai kwa serikali kuhusu ukatili, mikopo au afya ya uzazi, kisipeleke mpaka mwanamke mwenye ulemavu amesoma madai hayo, au kusomewa, na kupata nafasi ya kusema, "Hapa hamjanifikiria." Kwenye afya ya uzazi hasa. Ibara ya 23 inalinda haki yetu ya kubaki na uwezo wa kuzaa, na imelazimika kuandikwa kwa sababu wako wanawake waliofungwa kizazi bila kuulizwa, wakaambiwa ni upasuaji wa kitu kingine.

Nilikuwa na kurasa mbili zaidi. Naziacha, kwa sababu nimemwona dada mkalimani ananyoosha vidole chini ya meza akidhani hatumwoni. Wakalimani wa lugha ya alama hufanya kazi wawili wawili na kupokezana kila baada ya dakika 20 hivi, maana mikono huchoka na akili huchoka zaidi. Yeye tumemlipa peke yake, na amesimama tangu saa tatu asubuhi. Mwenye kiti karibu na jukwaa ampandishie. Maswali tutayachukua akishapumzika na kunywa maji, na mwenye swali aje huku chini nilipo.